Pentekoste Berlin na bi mkubwa kutoka Lindi: siku tatu, treni moja, kanivali na mjusi wetu wa Tendaguru

#1 MamaNasra_Wedding

Wakuu, asalaam aleikum, na wale wa Bwana Asifiwe nao nawasalimu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili la diaspora tangu kabla ya korona. Huwa napita, nacheka, nasepa. Leo nimejitokeza kwa sababu nina hadithi ya siku tatu na miguu bado inauma.

Kwa ufupi: naishi Berlin, mtaa wa Wedding. Kazi yangu ni kutunza wazee, mwenzangu anapiga zamu za usiku ghalani. Watoto wawili, Nasra miaka 11 na mdogo wake wa kiume miaka 7, humu tumwite Kidume. Tangu mwishoni mwa mwezi wa nne tuna mgeni: bi mkubwa, mama yangu mzazi, kaja kutoka Lindi kwa viza ya siku 90.

Sasa wikiendi zetu huku mnazijua. Jumamosi kufua na kulala. Jumapili mnakutana nyumbani kwa mtu, pilau, wanaume wanabishana Simba na Yanga, watoto wamezama kwenye simu, saa mbili usiku mnavaa makoti mnarudi. Miaka tisa nimeishi hivyo na sikuona kasoro. Ijumaa ya tarehe 17 Mei bi mkubwa amekaa dirishani, kanga juu ya sweta, akaniambia: "Mwanangu, wiki ya tatu hii naangalia kuta. Kuta hata Lindi zipo."

Sikuwa na jibu.

Bahati nzuri ilikuwa wikiendi ya Pentekoste, Jumatatu sikukuu. Usiku ule nikakaa na ramani ya treni za chini ya ardhi, nikaona kitu ambacho miaka yote kilikuwa mbele ya pua yangu. Njia ya U6, ile ya zambarau inayopita karibu na kwetu, ina kituo kinaitwa Naturkundemuseum, makumbusho ya viumbe na mawe, anapokaa mjusi wetu, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru huko Lindi. Ukiendelea nayo kusini unafika Hallesches Tor, palepale kanivali inapopiga kambi. Katikati unashuka Unter den Linden, unabadilisha kwenda U5, kituo kimoja tu uko Kisiwa cha Makumbusho. Na kwetu kaskazini kuna kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Yaani treni moja.

Nauli: watoto wa shule hapa Berlin wanapanda bure kwa kadi ya mwanafunzi. Sisi wakubwa tulikuwa na ile tiketi ya mwezi, 2024 hiyo ilikuwa euro 49, bi mkubwa naye tukamkatia (kumbukeni kuisitisha mapema, ukisahau wanaendelea kukukata).

Nakuja na siku ya kwanza, ngoja nitoe maharage jikoni.

#2 Kibega_wa_Tandika

Nimekaa mkeka wa mbele. Uzi bila picha lakini, mmh.

#3 Shangazi_Leipzig

"Kuta hata Lindi zipo" 😂😂 Mpe shikamoo yangu huyo mama. Endelea mdogo wangu, maharage yatajitoa.

#4 MamaNasra_Wedding

Marahaba amesema, da Shangazi. Picha za watoto siweki humu, mtanisamehe. Picha za mjusi zimejaa mitandaoni.

JUMAMOSI

Bi mkubwa aliamka alfajiri akakaanga chapati kumi na mbili, akachemsha mayai, akafunga vitumbua kwenye taulo. Nikamwambia mama, tunakwenda makumbusho, siyo Masasi. Akasema safari ni safari.

Mlangoni tukaambiwa mabegi makubwa yanakwenda kwenye makabati, na kula ndani ya kumbi marufuku. Makabati yanataka sarafu, sisi sote tuna kadi. Nikaomba sarafu kwa mama mmoja wa Kijerumani, akanipa, na bi mkubwa akamlipa kitumbua. Yule mama alikila palepale mlangoni, akauliza kina nini ndani. Mchele na nazi, nikamwambia. Akaomba kingine.

Sasa ingieni nami ule ukumbi. Ukipita mlango hauna haja ya kutafuta, yeye ndiye anakutazama. Mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Ndiyo mifupa ya dinosaria mirefu kwenda juu kuliko yote iliyosimamishwa duniani, imo hata kwenye vitabu vya rekodi. Shingo imekwenda juu mpaka karibu na paa la vioo. Kidume alirudi nyuma akanikanyaga. Nasra akasoma kibao: Tendaguru, Tansania. Akageuka kwa bibi yake: "Bibi, huyu ni wa kwenu!"

Bi mkubwa akamwangalia juu hadi chini, taratibu, kama anavyomkagua bwana harusi. Halafu akapiga goti kidogo, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shikamoo, mzee."

Watoto walicheka mpaka mlinzi akasogea. Yeye hakucheka. Ana miaka milioni 150, anasema, nisimwamkie kwa nini?

#5 Kibega_wa_Tandika

Nimefuta kauli yangu ya picha. Hii nimeiona.

#6 Kaka_wa_Peckham

Shikamoo mzee 😂 Watu wa makumbusho waandike hiyo pale chini ya mguu wake.

Ila nyongeza kidogo, mleta uzi. Siyo Berlin tu. Vita ya kwanza ilipoisha na Tanganyika kuwa chini ya Mwingereza, nao wakaenda kuchimba Tendaguru, kuanzia 1924 hadi 1931, kwa ajili ya makumbusho ya London. Msafara wa kwanza uliongozwa na William Cutler, na msaidizi wake alikuwa kijana Louis Leakey, huyohuyo wa Olduvai baadaye. Leakey alikuwa kaumia kichwa akicheza raga Cambridge, akaambiwa apumzike masomo, basi mapumziko yake yakawa Lindi. Cutler malaria ilimmaliza palepale Lindi mwaka 1925. Ukifika London usitegemee kuona kitu kama hicho cha Berlin, Waingereza hawakubahatika namna ile.

#7 MamaNasra_Wedding

Asante kaka, la Leakey nilikuwa silijui kabisa.

Naendelea. Tulikaa mbele ya mjusi saa nzima na zaidi. Bi mkubwa alipata benchi, na akipata benchi mambo yote yanasubiri. Nikawa namsomea vibao na mengine nayatafuta kwenye simu. Kwamba mhandisi mmoja wa madini, Sattler, aliiona mifupa mwaka 1906. Kwamba msafara wa Berlin ulichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakuu wake Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia, watu wa kusini hukohuko. Mifupa ilifungwa kwa mianzi na udongo, ikabebwa kichwani na begani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa kama siku nne, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Na mpaka leo stoo ya chini ya jengo hili ina mafurushi ya mianzi ambayo hayajafunguliwa.

Hapo bi mkubwa alinikatisha. "Siku nne kwa mguu naijua. Baba yangu alikuwa anakwenda Lindi na mzigo. Wanaitwa nani hao waliobeba?"

Nikamwambia kuna msimamizi, Boheti bin Amrani, ndiye aliyejua kuchimba kuliko hata maprofesa. Nikamwonyesha picha yake kwenye simu, kakaa na mfupa mkubwa mbele yake.

"Huyo mmoja. Wengine?"

Nikatafuta. Wakuu, nilitafuta mpaka chaji ikafika asilimia tisa. Profesa ana jina, mkurugenzi wa makumbusho wa enzi zile jina lake limewekwa hadi kwenye jina la mjusi: *brancai*, ni Branca huyo. Janensch alimwita *Brachiosaurus brancai* mwaka 1914, siku hizi wanasema *Giraffatitan*. Waliobeba ni "wapagazi". Bi mkubwa akasema basi, twendeni tukale chapati nje.

Kabla ya kutoka tulimpitia Knut, yule dubu mweupe aliyekufa 2011 hapa Berlin, wamemkausha. Kidume alimpenda huyo kuliko mjusi. Sina la kumfanya.

#8 Mwalimu_wa_Nachingwea

Dada, niongeze jambo ambalo watu hulisahau. Angalia hiyo miaka. Vita vya Majimaji 1905 hadi 1907. Uchimbaji unaanza 1909. Mahali ni kulekule, kusini. Njaa baada ya vita ndiyo iliyoua wengi, maana mashamba na maghala yalichomwa; hesabu za juu zinafika watu laki tatu. Kwa hiyo hao waliobeba mifupa ya mjusi ni watu waliotoka kuzika ndugu zao juzi. Kazi ya mshahara ilikuwa nadra, wakaenda. Nikifundisha darasani huwa naweka hizo tarehe mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, nanyamaza kwanza.

Na mwambie bi mkubwa, jina moja jingine lipo. Mwaka 2019 wataalamu walichunguza upya mkia mmoja wa Tendaguru, wakaona ni mnyama tofauti, wakamwita *Wamweracaudia keranjei*. Mkia wa Wamwera, kabila la hukohuko. Na *keranjei* ni Mohammadi Keranje, aliyeuchimba.

#9 MamaNasra_Wedding

Mwalimu, nimemsomea sasa hivi yuko hapa anachambua mchicha. Akasema rudia. Nikarudia. "Keranje." Akaendelea na mchicha. Baada ya kama dakika kumi akaniuliza, "Mkia peke yake?"

#10 Mwera_Asilia

Mkia wa Wamwera! Nimesubiri maisha yangu yote kuwa na mkia wa kitaalamu.

Tukirudi kwenye hoja: mjusi arudi. Hii siyo siasa. Wabunge wa kusini wameuliza bungeni mara ngapi? Watalii wa Berlin wanalipa kiingilio kuangalia mali ya Lindi, Lindi inapata nini?

#11 Injinia_Stuttgart

Mkuu Mwera, taratibu. Arudi akae wapi? Mita 13 hizo. Pingili za shingo unazoziona juu ni za kuigiza, za kweli ni nzito na dhaifu haziwezi kuning'inizwa. Hilo linataka jengo, hewa inayodhibitiwa, umeme usiokatika. Na serikali yenyewe mwaka 2018, marehemu Balozi Mahiga akiwa waziri wa mambo ya nje, ilisema haitamdai. Inataka ushirikiano, utafiti na makumbusho kwetu.

#12 Mwera_Asilia

Kwa hiyo mwizi akijenga nyumba nzuri kuliko yangu, ng'ombe wangu anabaki kwake kwa sababu zizi lake lina bati?

#13 Injinia_Stuttgart

Sijasema hivyo. Nimesema ujenge zizi kwanza. Wakati wa vita ya pili mifupa hiyo ilifichwa chini ya jengo, upande mmoja wa makumbusho ukapigwa bomu mwaka 1945, mjusi akapona. Angekuwa juu tungekuwa tunabishana kuhusu vumbi.

#14 Shangazi_Leipzig

Nyie wanaume mtabishana mpaka mjusi afufuke ajiamulie. Mleta uzi, Jumapili!

#15 MamaNasra_Wedding

JUMAPILI

Karneval der Kulturen, kanivali ya tamaduni. Ilianza 1996, inafanyika kila Pentekoste, ilisimama miaka mitatu ya korona ikarudi 2023. Siku nne za vibanda, vyakula na majukwaa pale Blücherplatz, na Jumapili ndiyo gwaride kubwa mitaani. Siyo kanivali ya Wajerumani wa Köln na kofia zao. Hii ni ya wahamiaji: Wabrazili, Wabolivia, Wakorea, watu wa Afrika Magharibi, kila kikundi na mavazi yake na muziki wake.

Tulishuka Mehringdamm tukatembea hadi Gneisenaustraße, tukapata nafasi chini ya mti. Watu, wakuu. Watu kama ferry ya Kigamboni saa kumi na moja jioni, ila hapa wamepaka rangi usoni na hakuna anayekimbilia popote. Bi mkubwa alikuwa na kigoda chake cha kukunja, na watu wakamwachia nafasi ya mbele kabisa. Hilo niliwapa alama Waberlini.

Vikundi vya samba vilipopita, zile ngoma zinapiga kifuani. Bi mkubwa akaanza kutikisa bega moja. Moja tu. Mabega mawili ni mpaka arusi. Wakapita Wabolivia na njuga miguuni, akasema, "Hao wanajua, sikia miguu." Kidume ana bendera ya Jamaika kapewa na mtu. Nasra anajifanya hatujui, ndiyo umri wake.

Na hapo ndipo Kidume alipopotea.

Sitarefusha. Dakika kumi na nane. Aliona dubu wa kitambaa kwenye gari la gwaride akaenda naye (ule ugonjwa wa Knut). Mimi niliishiwa nguvu miguuni, mwenzangu akakimbilia mbele, Nasra, yule ambaye hatujui, ndiye aliyepiga kelele kwa Kijerumani mpaka watu kumi wakaanza kumtafuta. Simu ikaita: mpiga ngoma mmoja kamkuta, kasoma namba mkononi. Maana asubuhi bi mkubwa alikuwa kachukua kalamu akawaandika watoto namba yangu kwenye mkono, mimi nikamwambia mama hii ni Ulaya. Nawaomba wenye watoto: kalamu, mkono, namba. Msicheke wazee.

#16 Njeri_wa_Moabit

Wueh! Hapo kwa mtoto kupotea nimeshika roho. Mimi wikiendi hiyo nilikuwa kwa vibanda huko Blücherplatz nikipiga foleni ya nyama choma ambayo ilikuwa bei ya ng'ombe mzima. Mama, mlikula nini? Na ile pesa ya kikombe mlirudishiwa?

#17 MamaNasra_Wedding

Njeri dada, tulikula chapati zilizobaki! Vibanda tulinunua juisi ya miwa tu. Pesa ya kikombe, Pfand, ndiyo: unalipa amana juu ya kinywaji, ukirudisha kikombe unarudishiwa. Ila rudisha palepale uliponunua. Kidume aliokota vikombe vilivyotupwa akavirudisha, akapata za aiskrimu. Huyo hatakufa njaa nchi hii.

Kuna kibanda kimoja kiliandika maandazi ya Afrika, matano kwa bei ambayo siitaji. Bi mkubwa akamega moja akanirudishia: "Hili limekandwa jana, na halijui iliki."

Sasa sehemu niliyotaka hasa kuwaambia. Baada ya kumpata Kidume hatukutaka tena umati, tukaenda kwa miguu hadi upande wa Hasenheide kutafuta kivuli. Pale pembeni kuna mtaa unaingia kulia, mtulivu. Nasra akasoma kibao: Lucy-Lameck-Straße.

Bi mkubwa akasimama. "Lucy Lameck? Lucy Lameck wa Moshi?"

Ndiye. Mtoto wa Moshi, muuguzi, TANU, kati ya wanawake wa kwanza kuingia bungeni na serikalini baada ya uhuru, kafariki 1993. Mtaa umepewa jina lake mwaka 2021. Na kabla ya hapo uliitwa nani? Wissmann. Hermann von Wissmann, yule Wajerumani walimtuma pwani mwaka 1889 kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Miaka na miaka Wissmann ana mtaa wake Berlin, na ndani ya mtaa huo ndipo ilipokuwa nyumba ya utamaduni iliyoanzisha hiyo kanivali tuliyotoka kuicheza. Ngoma zote zile zilipangwa kwenye anwani ya Wissmann.

Mimi ni muuguzi, bi mkubwa alimsikia Lucy Lameck redioni akiwa msichana. Tukakaa kwenye ngazi za nyumba ya mtu tukamaliza mayai.

#18 Mchaga_wa_Old_Moshi

Naona Moshi imetajwa, nimeingia. Dada, heshima kwako kwa uzi. Lakini Berlin hiyohiyo tunaidai kitu kikubwa kuliko mjusi. Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na wazee wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Familia imekitafuta miongo. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro. Cha Meli hakimo. Mlipozunguka huko, watoto mliwaambia hilo?

#19 MamaNasra_Wedding

Kaka Mchaga, nilimwambia Nasra peke yake, usiku, akiwa amelala upande wake na mimi nasuka nywele zake. Aliuliza maswali mawili na ya pili sikuweza kulijibu. Wa miaka saba bado. Pole sana kwenu.

#20 Mchaga_wa_Old_Moshi

Asante. Ya pili ilikuwa ipi?

#21 MamaNasra_Wedding

"Kwa nini walikihitaji?"

#22 Injinia_Stuttgart

Mimi ndiye niliyesema mjenge zizi kwanza. Kwa mafuvu siongei hivyo. Hayo yarudi hata kesho, yakapokelewe chini ya mti.

#23 MamaNasra_Wedding

JUMATATU, kwa kifupi maana tulikuwa hoi na mwenzangu alikuwa na zamu usiku.

Tulikwenda Humboldt Forum. Wao hufunga Jumanne, kwa hiyo Jumatatu ya sikukuu wako wazi, na maonyesho ya kudumu yalikuwa bure. Ile Pergamon kubwa jirani yake msihangaike: imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, sehemu ya kwanza itafunguliwa 2027, na jengo lote wanazungumzia 2037. Bi mkubwa akasema atakuja na mkongojo.

Jengo lenyewe ni kasri la wafalme lililojengwa upya. La zamani serikali ya Ujerumani Mashariki ililipua 1950, ikajenga bunge lake hapo, likabomolewa nalo, wakajenga tena kasri lilelile la kwanza kwa sura. Bi mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho: "Yaani wamejenga, wamebomoa, wamejenga, wamebomoa, wamerudia la kwanza. Na sisi wanatuita hatuna mipango."

Ndani kitu kilichowashika watoto ni mtumbwi mkubwa wa kisiwa cha Luf, huko Papua New Guinea. Mkubwa kiasi kwamba uliingizwa kwanza, ukuta ukajengwa baadaye. Maana yake kuutoa ni kubomoa ukuta. Nasra akasema, "Mama, hawa hawakupanga kuurudisha." Mimi sikusema kitu, nilikuwa nimevua viatu.

Shaba za Benin, zile sanamu za ufalme wa zamani wa huko Nijeria, pia zipo. 2022 umiliki ulirudishwa Nijeria, baadhi zimebaki hapa kwa mkopo. Vya Tanzania makumbusho haya yana zaidi ya elfu kumi. Wingi wake umo stoo. Tulivyoviona siku ile mezani na kabatini, hata kikapu cha bi mkubwa cha kuchekechea kingevitosha.

Saa kumi tuko kitandani wote watano. Jumanne asubuhi mwalimu wa Kidume akamuuliza alifanya nini Pentekoste, akasema aliamkia dinosaria. Nimepigiwa simu.

#24 Kibega_wa_Tandika

Umepigiwa simu 😂😂😂 Uzi bora wa mwaka. Mimi niko Dar, Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert napita kila siku kwa daladala, sijawahi kuingia. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

#25 Mwera_Asilia

Mama Nasra, bado nasema arudi. Ila ukipita tena nisalimie.

#26 MamaNasra_Wedding

MREJESHO, Agosti 2024

Wakuu, bi mkubwa alirudi Lindi mwezi uliopita salama, na sweta tatu ambazo sijui atazivaa lini. Nimerudi kwenye uzi kwa sababu ya kitu cha Ijumaa tarehe 23.

Kituo kile cha Afrikanische Straße niliwatajia mwanzo. Mitaa yake inaitwa Sansibar, Usambara, Uganda, Togo, majina ya enzi ya makoloni. Katikati yao kulikuwa na Petersallee, ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Carl Peters, Mkono wa Damu. Baadaye wakasema hapana, ni Peters mwingine, mwanasheria Hans Peters, wakabandika hivyo 1986, kibao kikabaki kilekile. Sasa kimeng'olewa. Mtaa wameukata vipande viwili: sehemu moja ni Anna-Mungunda-Allee, mama wa Namibia, na nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Nilitoka zamu asubuhi nikapita kuona nikiwa na sare ya kazi. Nikapiga picha kibao, nikamtumia bi mkubwa. Akanijibu kwa sauti, nyuma yake nasikia kuku: "Nimeona mwanangu. Hongereni. Sasa Majimaji ni neno moja, hicho kistari katikati ni cha nini?"

#27 Shangazi_Leipzig

Mwambie Mjerumani hawezi kulala bila kistari. Hata Lucy wamemfunga na Lameck wake wasipotezane.

#28 Mwalimu_wa_Nachingwea

Nimemwandikia bi mkubwa jibu refu la sarufi. Mwisho wa mwaka nasikia Humboldt wanafungua maonyesho ya historia za Tanzania, wameandaa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Dar. Mama Nasra, utakwenda?

#29 MamaNasra_Wedding

Nitakwenda Mwalimu. Sarafu za kabati nimeshaweka kwenye mkoba.

#30 Njeri_wa_Moabit

Na vitumbua? Mimi nitakuwa hapo kwa mlango.